Usiku Arobaini wa Neno Fortnight

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na sita tangu niolewe. Kumi na sita! Nimeamka kabla yake nikamtazama anavyolala. Analala kama mtu aliyemaliza kazi zote, ingawa hajamaliza hata moja.

Nashukuru kwa haya: mume wangu, birika jipya, na dirisha la jikoni ambalo hukaa wazi vizuri tu ukilishikiza na kitu kizito.

Mume wangu ni fundi saa. Kibanda chake kinatazamana na stendi ya mabasi. Mtaa mzima unamwita Bado Kidogo, maana ndilo jibu lake kwa kila mteja anayekuja kuulizia saa yake. Mimi sioni kosa. Anayetengeneza saa ana haki ya kuamua muda. Hapa nyumbani, vyumba viwili, tuna saa za ukutani kumi na moja na hakuna mbili zinazopatana. Asubuhi nafuata ile iliyo nyuma, nipate kukaa naye zaidi. Mchana nafuata ile iliyo mbele, ili arudi mapema. Ya kumi na mbili, ile kubwa ya mbao aliyoachiwa na babu yake, haitembei kabisa. Ameniahidi kuitengeneza tangu tukiwa wachumba. Kinyozi hajinyoi.

Sasa mpango. Jumamosi tarehe 15 tunatimiza mwezi. Wifi yangu, dada yake mkubwa, mwalimu wa Kiingereza, atakuja kula nasi chakula cha mchana. Ndiye aliyesema siku ya harusi, mbele ya watu wazima wenye akili zao, kwamba Kiingereza changu kinatembea kwa magongo. Basi nitaandika shairi la mapenzi kwa Kiingereza. Lenye vina! Nitalisoma mezani, na Wifi atakosa pa kuuweka uso. Mstari wa kwanza umekuja wenyewe nikiosha vikombe: We have been married for one month. Imebaki kutafuta neno la kufanya kina na month, yaani mwezi.

Kazi ya dakika kumi.

Jumanne, 4 Machi

Sijamaliza. Month ni neno gumu kidogo.

Nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Leo nimetoa kopi sabini za cheti cha mtu mmoja nikiwa natafuta kina. Tajiri, mwenye duka, aliponisikia nanong'ona alipendekeza lunch. Nikamwambia haifiki. Breki, dereva wa basi aliyekuja kuchapisha ratiba, alisema yeye angeweka mumps. Nikamuuliza mumps ni nini. Akasema ni matubwitubwi. Siwezi kumwimbia mume wangu matubwitubwi.

Mchana nimekwenda kwa Wifi kuazima kamusi yake kubwa, ile inayoeleza hata asili ya maneno. Amenikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Sharti moja: nisiweke kikombe juu yake.

Nimeweka kikombe. Mara moja tu, kwa bahati mbaya, nikiwa nimezama. Maana ni kitabu kitamu! Month ni mtoto wa moon, mwezi wa angani. Nikacheka peke yangu. Sisi tunauita mwezi huo huo juu na ukutani kwenye kalenda, na hatukuhitaji kamusi. Moment, kitambo kidogo, zamani ilikuwa kusogea, kama mshale wa saa unavyosogea. While, muda, asili yake ni kupumzika! Kumbe Mwingereza akisema anakungoja for a while, mababu zake walikuwa wamekaa chini.

Nimegundua siri. Maneno ni kama sabuni. Yanatumika, yanalika, yanapoteza ncha. Ukijua kuyatazama unaona kipande kilichokatika. Nimekuwa mtaalamu kwa siku moja. Nashukuru Mungu kwa kichwa alichonipa.

Kamusi nimeishikizia dirisha la jikoni. Ni uzito hasa uliokuwa unatakiwa.

Jumatano, 5 Machi

Msiba.

Barua za mtaa wetu hufikia kwenye sanduku la duka la Tajiri. Leo imekuja bahasha ya mume wangu, ya kaki, ina muhuri. Gundi ilikuwa dhaifu. Halafu nilikuwa na kisu. Nimeifungua ili nimpelekee habari njema ikiwa tayari imefunguka.

Na habari ni njema! Amekubaliwa. Chuo cha mji wa mbali kinamchukua akajifunze kutengeneza saa kubwa, za minarani, za hospitali, za stesheni. Ndiyo ndoto yake. Aliniambia siku ile ya kwanza tulipokutana, kwamba siku moja atatengeneza saa ambayo watu elfu wataitazama kwa pamoja na hakuna atakayemuuliza iko wapi. Aripoti Jumatatu tarehe 17. Athibitishe kabla ya saa sita mchana, Jumatano tarehe 12, la sivyo nafasi anapewa anayefuata. Mafunzo ni ya muda wa a fortnight.

Fortnight!

Kamusi ilikuwa dirishani. Ningeitoa, dirisha lingejifunga na moshi wa vitunguu ungejaa nyumba. Na ya nini? Asili naijua sasa. Night ni usiku. Fort ni forty iliyolika mkia. Arobaini. Usiku arobaini!

Nimekwenda kwenye kalenda nikahesabu kwa kidole. Mpaka tarehe 26 Aprili. Nimeolewa siku kumi na nane, halafu niachwe siku arobaini na saa kumi na mbili zisizoelewana? Atakonda. Nitakonda. Akirudi hatutafahamiana.

Nimeificha barua ndani ya saa ya babu. Hapo hapafunguliwi. Hapajafunguliwa mwaka mzima.

Hata hivyo nashukuru kwamba nimeolewa na mtu anayetakiwa na vyuo.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja dukani saa nne, amejipangusa mafuta mikononi, akauliza kama kuna barua yoyote. Nikamwambia bado kidogo. Akacheka. Alidhani namtania.

Saa nane amekuja tena.

Nimeona moyo unanisuta, kwa hiyo nimetengeneza mpango ambao hautamnyima mtu kitu. Nitajadiliana na chuo. Tajiri alipotoka kwenda kula nimekaa kwenye kompyuta nikachapa barua pepe kwa jina la mume wangu. Kwa Kiingereza, bila magongo. Nimewashukuru kwa nafasi. Nimewaeleza kwamba usiku arobaini ni mwingi kwa mtu mwenye mke mpya, mzuri, tena mpishi. Nimewaomba kwa unyenyekevu wapunguze ziwe usiku kumi na nne. Kwa nini kumi na nne? Nimepima moyo wangu. Kumi na nne nitalia lakini sitaugua.

Nimetuma. Nikafuta alama zote za vidole kwenye kibodi.

Leo ameniletea tango. Hakusema sababu. Tango zima, limeoshwa! Sistahili.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi amekuja kuitazama kamusi yake. Ameikuta dirishani. Ameitoa, ameifuta, ameliona duara la chai juu ya jalada, akalizungushia kidole pole pole mara mbili. Kisha ameirudisha dirishani. Wifi akinyamaza ni mbaya kuliko akisema.

Ili kuvunja kimya nimemuuliza, kama mtu anayeuliza tu, ni neno gani hufanya kina na month. Ameniambia hakuna. Nikamwambia kwa Kiingereza kizima? Akasema kwa Kiingereza kizima, watu wametafuta wakaacha. Moyo wangu ukashuka kwa raha! Si mimi niliyeshindwa. Wenyewe wameshindwa na neno lao, mimi ni nani?

Nikasema basi nitaweka thirty days, siku thelathini. Wifi akanitazama akasema tangu harusi mpaka tarehe 15 ni siku ishirini na nane, kwa sababu Februari ni fupi. Mtu huyu hata mapenzi anayapigia hesabu.

Lakini tazama baraka: twenty-eight! Ina vina tele. Great, wait, late, mate. Nilitaka kumshukuru ila ningejifichua.

Mlangoni amegeuka akauliza kama kaka yake amepata barua ya chuo, maana anaona hali chakula vizuri. Nikasema subira huvuta heri. Akasema ndiyo, na ngojangoja huumiza matumbo.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI!

Jibu limeingia asubuhi. Mistari miwili. Chuo kinathibitisha kwamba mafunzo ni ya usiku kumi na nne, na kinaomba athibitishe kuhudhuria kabla ya Jumatano saa sita mchana.

Wamekubali! Bila hata kubishana! Nimewapunguzia usiku ishirini na sita kwa barua moja. Nilisimama nikamkumbatia Tajiri, ambaye hakujua la kufanya na mikono yake. Ninapotea bure hapa dukani. Mahali pangu ni kwenye mikutano ya mataifa.

Halafu likanijia wazo nikiwa napanga karatasi. Waliokubali haraka hivi, si wangekubali hata saba? Wiki moja. Fungate ya pili kinyumenyume. Mtu akishusha bei kwa urahisi, hujaanza kununua.

Nimeandika tena. Nimeshukuru sana kwa zile kumi na nne, nikaomba sasa ziwe saba, kwa kuwa mke bado ni mpya. Sikuthibitisha. Anayejadiliana hathibitishi mapema.

Mume wangu hakuja dukani leo kuuliza barua. Jirani yake wa kibanda anasema aliketi tu na saa mkononi bila kuifungua. Nimempikia mayai mawili. Vumilia, mpenzi. Ninakuletea saba.

Jumatano, 12 Machi

Andika yote.

Saa tano na robo nimefungua kompyuta. Jibu liliingia tangu jana, nami jana nilikuwa kwenye ghala la karatasi siku nzima. Chuo hakielewi. Mafunzo hayapunguzwi. Kama hayuko tayari aseme, kuna mtu anangoja. Saa sita mchana nafasi inakwenda.

Nikaanza kuchapa Yes. Nimefika kwenye e, umeme ukakatika. Duka zima kimya. Tajiri akasema nisiguse kitu.

Nikakumbuka: kwenye barua ile ya kwanza kuna namba ya simu. Nimekimbia nyumbani na viatu mkononi. Ukutani, mahali pa saa ya babu, pana msumari. Saa haipo! Nimeitafuta hata chini ya kitanda, kama vile saa ya mbao inaweza kujificha.

Nimekimbia kibandani. Mume wangu ameketi. Saa ya babu iko wazi mbele yake, matumbo nje. Kumbe asubuhi ameichukua aitengeneze kwa siri, iwe zawadi yangu ya mwezi. Mkononi ana barua. Wifi amesimama pembeni, ana chaki kwenye mkono wa gauni; mume wangu alimwita aje amsomee, ili asikosee hata neno.

Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu angenikaripia.

"Mke wangu," amesema, "nimeingoja hii kila siku. Ilikuwa inalala juu ya kichwa changu?"

Nimesema yote. Kisu, saa, barua pepe, kumi na nne, saba. Nimesema singeweza usiku arobaini. Akauliza arobaini ipi. Nikasema fortnight, forty night, mkia umelika. Nikalia palepale mbele ya abiria wa stendi.

Niliona mdomo wa Wifi unapigana na kitu.

"Mkia umelika kweli, wifi yangu," akasema. "Ila umekosea mnyama. Ni fourteen. Fortnight ni usiku kumi na nne."

Asiyejua maana haambiwi maana. Nimeambiwa, nikakaa chini kwenye ndoo.

Mume wangu ameuliza sasa ni saa ngapi. Sote tukatazama ukutani. Moja ilisema saa sita na robo. Moja ilisema saa tano unusu. Ya tatu ilisema saa tisa, tena kwa kujiamini. Fundi saa alifunika uso. Wifi ametoa simu yake: saa sita kasoro dakika nane. Akapiga namba ile hapohapo. Kiingereza chake hakitembei, kinapanda gari. Amesema yeye ni dada, amesema kulikuwa na mkanganyiko mdogo nyumbani kuhusu neno moja. Mkanganyiko mdogo! Hakunitaja. Angeweza kunitaja, nami ningestahili. Akasikiliza, akasema asante, akafunga simu.

Nafasi ipo. Anakwenda.

Tukirudi nyumbani mume wangu alitangulia hatua mbili mpaka kwenye kona ya duka la chumvi. Pale akanishika mkono. Akasema siku nyingine nikiogopa jambo nimwambie yeye, nisiiambie saa. Nikasema nitamwambia. Akasema halafu, ile sehemu ya mke mpya, mzuri, tena mpishi, iko wapi, angependa kuisoma.

Nashukuru. Nashukuru. Nashukuru. Wifi pia, andika: namshukuru Wifi.

Jumamosi, 15 Machi

Mwezi! Siku ishirini na nane!

Tumekula wali na kuku. Saa ya babu imerudi msumarini na inatembea. Sauti yake ni nzito, kama mzee anayekubali jambo. Nimesimama nikasoma:

Twenty-eight days, my love is great,
I thank the Lord you are my mate,
And though they say you're always late,
For you for ever I will wait.

Nikatafsiri kwa faida ya kuku: siku ishirini na nane, pendo langu ni kubwa, namshukuru Mungu kwa mwenzangu, japo wanasema huchelewa siku zote, nitakungoja milele. Mume wangu amepangusa macho kwa kitambaa cha kufutia vioo vya saa. Wifi amepiga makofi, ya kweli, nimeyasikiliza. Akasema vina vyote vimekaa. Kisha akaongeza kwamba kumwambia mtu huchelewa si sifa, na kwamba neno for ever nilitazame maana yake kabla sijaahidi. Hawezi kujizuia, maskini. Nimempa paja la kuku.

Nimeomba kubaki na kamusi. Amesema nibaki nayo, dirisha lisije likaanguka.

Nimejifunza somo kubwa. Kamwe sitakisia tena neno la Kiingereza. Nitafungua kamusi kwanza, kila mara, na kufuata kinachosema.

Jumatatu, 17 Machi

Ameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Basi la Breki. Nimepunga mkono mpaka likapinda, halafu nikaendelea kupunga kwa sababu mkono ulishazoea. Usiku kumi na nne. Nimesema sitaugua na sitaugua.

Nimerudi nyumbani nikakuta kikaratasi chini ya saa ya babu. Mwandiko wake! Kwa Kiingereza, kwa heshima ya shairi langu. Maneno mawili tu: Back soon.

Back ni kurudi, hilo halina shida. Soon?

Sikukisia. Nimetoa kamusi dirishani, dirisha likajifunga, moshi ukajaa, sikujali. Nimesoma nikikohoa. Soon: siku hizi husemwa kwa maana ya baada ya muda si mrefu. Lakini asili yake! Asili yake, neno la kale kabisa, ni papo hapo. Sasa hivi! Mara moja! Ni watu wenyewe waliolichelewesha kwa uvivu wa karne nyingi, wakisema soon na kukaa. Mume wangu si mtu wa kutumia neno lililolika. Ni fundi. Anafuata asili.

Anarudi sasa hivi!

Nimemuomba Tajiri ruhusa ya mchana. Nimepika kwa watu wawili, nimevaa gauni la harusi ya dadangu, nimefunga sufuria kwa kitambaa. Naandika haya nikiwa kwenye benchi la stendi, kamusi pajani. Afisa wa stendi ananiambia basi la Breki halijafika hata nusu ya njia ya kwenda. Nimemwonyesha ukurasa. Akasoma, akakuna kichwa, akaondoka.

Wifi amepita akitoka shuleni. Ameuliza nafanya nini hapa na sufuria. Nimempa kikaratasi, nikampa kamusi, nikamwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Ameusoma. Akafunga macho kidogo. Nilingoja aseme. Badala yake amesogeza kamusi, ameketi karibu yangu, akauliza nimepika nini.

Nimemwambia wali na maharage. Akasema basi tufungue, chakula hakijui Kiingereza.

Tunakula. Nashukuru kwa benchi lenye nafasi ya watu wawili, kwa wifi asiyecheka mtu akitafuna, kwa mume anayeandika maneno yenye asili. Basi jingine limeingia. Limeteremsha mama mwenye ndoo, na wanafunzi watatu, na mtu mwenye godoro.

Yeye hayumo.

Bado kidogo.